Shangazi wa Santuri: Jazi ya saa nane za usiku

Toleo lililopita niligusia, kwa aya mbili tu, zile albamu za hip hop yenye jazi na soul ambazo watengeneza midundo wa Ufaransa wamekuwa wakizitoa kimyakimya tangu miaka ya 1990. Nilidhani ni wazimu wangu peke yangu. Kumbe! Mhariri ameniletea barua nyingi kuliko za toleo la taarabu, na taarabu ndiyo inayoweka ukurasa huu hai. Basi leo nazijibu hizo tu. Mlioniuliza namna ya kuosha santuri iliyoota ukungu, subirini mwezi ujao.

Kwa mgeni wa ukurasa: mimi ni mwanamke wa Kuze, Mombasa. Tangu 2003 naishi Nantes, magharibi ya Ufaransa, na kazi yangu ni kuoka mikate. Naingia zamu saa nane za usiku. Mambo ya ndoa si fani yangu, ingawa mtaona huko chini kuna mmoja amenivuta kwa nguvu.

Kwanza niungame kosa. Niliandika kwamba kinanda cha umeme cha Rhodes kina vibonye 88. Msomaji wa Arusha, mpiga kinanda wa kanisani, amenisuta: vya 88 vipo, lakini kilichoenea zaidi ni cha 73. Kweli. Na aibu yangu ni maradufu, kwa sababu albamu iliyoniingiza katika muziki huu, ya kundi la Hocus Pocus, inaitwa 73 Touches, yaani vibonye 73. Imekaa rafuni kwangu miaka yote, mgongo wake unanitazama.

Shangazi, nasoma chuo Dodoma, mwaka wa pili. Usiku nikisoma nawasha ile chaneli ya msichana anayeandika, paka wake kakaa dirishani. Nasikia ni ya Wafaransa. Nataka kutoka hapo niende kwenye albamu hasa, yenye watu na majina yao. Nianzie wapi?
*Msomaji wa Dodoma*

Umesikia sawasawa, mwanangu. Chaneli hiyo ilianzishwa mwaka 2015 na kijana wa Kifaransa kwa jina la ChilledCow, ikaja kuitwa Lofi Girl mwaka 2021. Mji unaouona nyuma ya paka ni Lyon. Aliyemchora msichana yule, Juan Pablo Machado, ni Mkolombia aliyekuwa akisoma huko. Kwa hiyo muda wote huo umejiandalia mitihani ya Dodoma kwenye dirisha la Lyon, na viza hukuombwa.

Lofai, yaani midundo ya taratibu kama ya chaneli hiyo, imetengenezwa isikusumbue. Ni kama feni: ikizimwa ndipo unapogundua ilikuwepo. Wewe umeichoka feni, sasa unataka mtu. Tafuta Clin d'œil ya Jazz Liberatorz, ya mwaka 2008. Jina lake maana yake ni konyezo. Walioitengeneza ni madijei watatu, DJ Damage, Dusty na Madhi, kutoka Meaux, mji ulio mashariki ya Paris ambao Wafaransa wenyewe wanaujua kwa jibini ya brie na si kwa muziki. Huko kwenye jibini ndiko walikojifungia na santuri zao za jazi. Walitoa kwanza santuri za nyimbo chache chache, kisha ndipo ikaja albamu nzima, kupitia lebo ndogo ya Kif Records. Wao hawarapu. Walioalikwa kurapu ni Wamarekani: Asheru, Fatlip wa The Pharcyde, Sadat X wa Brand Nubian, Buckshot wa Black Moon. Ukiwajua hao, utaona uzito wa wageni waliokwenda kukaa kwenye midundo ya vijana wa Meaux.

Usiku wa kwanza usisome. Weka daftari kando, fuata besi peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Usiku wa pili ifuate ngoma. Usiku wa tatu ndipo usikilize maneno. Utagundua kwamba hakuna anayepiga kelele mle ndani. Marapa wanasema kama wazee wa barazani baada ya isha, kahawa mkononi, kila mmoja akijua zamu yake itafika. Hilo halikuja kwa bahati. Mdundo ukiwa na nafasi, msemaji hahitaji kusukumana nao, na hawa watatu walijua kuacha nafasi. Mimi nawapima watengeneza midundo kwa kile walichokiacha nje, kama ninavyompima mkandaji kwa chumvi.

Niliisikia mara ya kwanza kazini. Mwenzangu wa zamu alikuwa na redio ya CD iliyoganda unga hadi vitufe vyake vilikuwa havisomeki, na kila usiku ilikuwa zamu ya mmoja wetu kuchagua. Nilidhani ni Wamarekani watupu. Aliponiambia ni wa Meaux nilimcheka. Akaenda kuleta kasha lake, nikasoma kwa vidole vyenye hamira. Doa bado lipo, maana baadaye aliniuzia.

Na kwa kuwa nimeshataja unga: ukimaliza hiyo, nenda kwa La Fine Equipe, vijana wanne wanaojiita oOgo, Blanka, Mr Gib na Chomsky. Mwaka 2008 walitoa La Boulangerie, maana yake duka la mikate, vipande vifupi vifupi vya midundo, na baadaye wakaongeza mfululizo wa pili na wa tatu. Kwa nini mikate? Mimi naona jibu liko Detroit. J Dilla, mtengeneza midundo wa huko, alitoa albamu ya Donuts, yaani maandazi, tarehe 7 Februari 2006, siku ya kuzaliwa kwake, akafariki siku tatu baadaye akiwa na miaka 32. Tangu hapo hakuna mtengeneza midundo asiyemdai Dilla kuwa ndugu yake. Mmarekani akitoa andazi lenye tundu, Mfaransa atajibu kwa duka zima.

Bibi Shangazi, heshima yako. Nimekulia Morogoro. Kwetu sisi jazz ni Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, gitaa na watu wanacheza. Hiyo yenu ya kusinzia ni jazz gani?
*Mzee wa Mji Mpya, Morogoro*

Shikamoo mzee. Jina hilo limetuchanganya wengi. Bendi zetu zilijiita Jazz kwa sababu enzi hizo neno lilimaanisha muziki wa kisasa wenye vyombo, lakini walichopiga kilikuwa dansi, na ndani ya dansi ile rumba iliyovuka bahari kutoka Kuba. Sitaki kukuvuta kwenye ya kusinzia kwa nguvu. Wewe nakupa mlango mwingine: Guts, albamu ya Estrellas ya mwaka 2022. Guts ni mtengeneza midundo wa Kifaransa, lakini kwa kazi hiyo alifunga safari hadi Dakar akawakutanisha wanamuziki wa Kuba na wa Senegal studioni. Wajukuu zako watasema ni hip hop, wewe utasema ni dansi, na hakuna atakayekuwa amekosea. Ukishaipenda (utaipenda) rudi nyuma taratibu kwenye Le Bienheureux yake ya 2007, ambayo ni midundo tu na haina haraka na mtu. Ndipo utakaposinzia, mzee wangu, na utaniandikia kunishukuru.

We Shangazi, mimi wa Majengo. Kifaransa sijui hata salamu. Kuna faida gani kununua albamu nisiyoielewa?
*Kijana wa Majengo, Mombasa*

Mwana wa Majengo unaniuliza hivyo wewe, ambaye harusi zenu zote zinachezwa nyimbo za Kihindi kutoka mwanzo hadi mwisho? Haya.

Sehemu kubwa ya muziki huu haina Kifaransa. Ama hauna maneno kabisa, ama marapa ni Wamarekani. Na hapo pana kisa cha kisheria kinachostahili kusimuliwa, kwa sababu ndicho kinachoeleza kwa nini albamu nyingi hizi zilibaki chini kwa chini. Mwaka 1994 Ufaransa ilipitisha sheria, ikaanza kutumika 1996, kwamba redio binafsi zipige angalau asilimia 40 ya nyimbo za Kifaransa katika saa za wasikilizaji wengi. Marapa wa Kifaransa waliipata neema hiyo: redio zilihitaji nyimbo za kujaza hesabu, wao walikuwa nazo. Lakini mtengeneza midundo wa Meaux aliyemleta rapa wa Los Angeles hakuhesabika popote. Kwa wapenzi wa nyimbo za kigeni hakuwa na jina, na kwenye asilimia 40 hakuruhusiwa kuingia. Akabaki na redio chache za watu wenye masikio mapana, kama Radio Nova ya Paris, na maduka ya santuri, na midomo ya watu. Sisemi sheria ni mbaya. Nami ningependa Kiswahili kilindwe hivyo. Nasema tu kila uzio una mtu anayejikuta upande usio wake.

Sasa kipo Kifaransa kimoja nataka ukisikilize hivyo hivyo bila kukielewa. Hocus Pocus, kundi la hapa hapa Nantes. Kiongozi wao ni 20syl: anatengeneza midundo na anarapu mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu asiye na deni. Pamoja naye yuko DJ Greem. Hao wawili ndio nusu ya C2C, timu ya madijei iliyotwaa ubingwa wa dunia wa DMC mara nne mfululizo, 2003 hadi 2006. Yaani mtu ana kombe la dunia la kukwaruza santuri, halafu anakaa chini kutengeneza albamu za upole! 73 Touches ilitoka 2005, Place 54 ikafuata 2007, 16 Pièces ikaja 2010. Mimi naipenda ya kati, ila wengi watanipinga.

Cha kusikiliza ni kile kinanda tulichokikosea hesabu. Ndani ya Rhodes hakuna nyuzi kama za piano. Kuna vijiti vya chuma, kila kibonye na chake, nyundo ndogo inakigonga na sumaku iliyo kando yake inaunasa mtetemo. Ndiyo maana inalia kama kengele iliyozamishwa kwenye maji ya uvuguvugu. Hocus Pocus hawakuishia kukata Rhodes kutoka santuri za watu, waliipiga wenyewe, pamoja na besi na ngoma na wapiga tarumbeta, hadi unashindwa kujua kipi kimekatwa na kipi kimepigwa. Maneno ya 20syl yachukulie kama ala nyingine. Silabi zake zinaangukia pale pale nyundo inapoangukia. Hilo halihitaji kamusi.

Mama, mimi ni prodyuza chipukizi Mwanza, natumia kompyuta. Nimekata kipande cha santuri ya babu nikaweka mdundo. Washikaji wanasema ni wizi. Pia nataka kujua hao Wafaransa wanatumia mashine gani hadi sauti zao ziwe na joto vile.
*Prodyuza wa Igoma, Mwanza*

Nianze na joto, kwa sababu lina jibu la wazi. Mashine mbili ndizo zilizolea kizazi hicho. Ya kwanza ni SP-1200 ya kampuni ya E-mu, iliyotoka 1987. Unajua ilikuwa na muda gani wa kurekodi sampo zote, yaani vile vipande vya sauti, kwa jumla? Sekunde kumi. Kumi! Sasa mtu anataka sauti za ngoma, kick, snea na hai-hati, pamoja na kipande cha piano, vyote viingie humo. Wakagundua ujanja: santuri ya spidi ya 33 unaipiga kwa spidi ya 45, inapita mbio, unairekodi ikiwa fupi, halafu ndani ya mashine unairudisha chini iwe taratibu. Nafasi umeokoa, lakini sauti imerudi na vumbi, na mkwaruzo, na kamnong'ono juu ya kila noti, kwa sababu mashine ile ilihifadhi sauti kwa biti 12 tu. Lile joto unalolitafuta ni ubahili wa mashine. Ya pili ni MPC ya Akai, ya kwanza ikiwa MPC60 ya mwaka 1988 iliyobuniwa na Roger Linn, yenye pedi 16 za kugonga kwa vidole. Hiyo ilikuja na namna ya kuuchechemeza mdundo, pigo la pili lichelewe kidogo nyuma ya la kwanza, kama mtu mwenye kiatu kimoja kizito. Jazi inaishi ndani ya ule uchelewaji.

Kompyuta yako inaweza yote hayo. Jaribu hivi: jipe sekunde kumi. Usijiruhusu ya kumi na moja. Utaona utakavyoanza kusikiliza santuri ya babu yako kwa njia nyingine, unatafuta kile kipande kimoja tu ambacho bila chenyewe wimbo haupo.

Kuhusu wizi. Nitakupa majibu mawili, na yasikuchanganye. La sheria: ukiitoa kazi hiyo hadharani ikauzwa, mwenye wimbo na mwenye rekodi wana haki yao, Ufaransa na Tanzania sawasawa. Hapa kuna Sacem, chama cha kukusanya haki za watunzi, kilichoanza mwaka 1851. Kwenu nenda Cosota, ofisi ya hakimiliki, uulize kabla, si baada. Kutokujua mwenye wimbo hakukupi ruhusa. Jibu la pili ni langu. Kuna mtu anakata kipande akakiacha kama alivyokikuta, akagonga ngoma juu, akaandika jina lake. Huyo hata kama amelipa, amekosa adabu. Na kuna mtu anakaa na sekunde mbili za piano wiki nzima hadi aliyezipiga akizisikia aulize, "Ah, hii nayo ni nani?" Mfano wa karibu: Onra, Mfaransa mwenye asili ya Vietnam. Alikwenda Vietnam akarudi na santuri kuukuu za Kivietnam na za Kichina, zimekwaruzika vibaya, akazikata akatoa Chinoiseries mwaka 2007. Mikwaruzo hakuifuta. Ilikuwa santuri ya kwao, kama hiyo yako ni ya kwenu. Na babu yako, kama yu hai, umemchezea mdundo huo akausikia? Umeniandikia mimi niliye Nantes kabla ya kumpelekea yeye chumba cha pili.

Dada, unawasifu Wafaransa kwa muziki wa watu weusi. Jazi si yao, soul si yao, hip hop si yao. Waliwachukua watu, sasa wamechukua na muziki. Nijibu hilo usikwepe.
*Msomaji wa Nakuru*

Sikwepi. Njia yangu ya kwenda kazini inapita Quai de la Fosse, kando ya mto Loire. Mwaka 2012 mji ulifungua hapo ukumbusho wa kukomeshwa kwa utumwa. Chini, kwenye njia ya kutembelea, wamepachika vioo vidogo kama 2,000 ardhini, na 1,710 kati yake vina majina ya meli za Nantes zilizokwenda kuchukua watu. Majina ya kupendeza, ya wanawake, ya watakatifu. Usiku huwaka kwa chini. Nikiwa na haraka nakatiza juu yake na mfuko wangu wa aproni, na mpaka leo sijazoea.

Dakika chache kutoka hapo, kwa kupanda mlima, upo ukumbi wa opera wa Graslin. Tarehe 12 Februari 1918, wanajeshi weusi wa Marekani wa kikosi cha 369, bendi yao ikiongozwa na James Reese Europe, walipiga hapo onyesho ambalo watu wa Nantes wanalihesabu kuwa la kwanza la jazi katika bara zima la Ulaya. Meli ziliondoka kwenye mto huu, na vizazi baadaye vitukuu vya waliochukuliwa wakaja na tarumbeta kwenye mji ule ule, wakiwa wamevaa sare. Mimi nikisikiliza Hocus Pocus siwezi kuvisahau vyote viwili, wala sitaki.

Kwa hiyo la kwanza: si wao walioanzisha, na mwenye kukwambia vinginevyo mfukuze. La pili: tutazame nani aliyefunguliwa mlango na nani. Kenny Clarke, mpiga ngoma aliyebadilisha namna ngoma za jazi zinavyopigwa, alihamia Paris mwaka 1956 na hakurudi kuishi Marekani. Alifariki huku mwaka 1985. Alifundisha, alipiga na wenyeji. Mwaka 1993 Guru, rapa wa kundi la Kimarekani la Gang Starr, alipotengeneza Jazzmatazz, albamu ya kuoanisha rap na wapiga jazi hai, alimwita MC Solaar arapu kwa Kifaransa chake. Na Solaar amezaliwa Dakar, wazazi wake wa Chad. Albamu yake ya 1991, iliyosukwa midundo na Jimmy Jay, jina lake limechezea methali ya apandaye upepo huvuna tufani: yeye anasema atavuna tempo. Kwa hiyo "Wafaransa" unaowasema, ukiwatazama nyuso, wengi wao ni watoto wa kwetu.

La tatu, njia hii ina magari ya kwenda na kurudi. Cortex, bendi ya Kifaransa ya Alain Mion, walitoa mwaka 1975 albamu ya Troupeau bleu, ikauzwa kidogo ikasahaulika. MF DOOM, rapa wa Marekani, akaichota kwa wimbo wake wa One Beer mwaka 2004, na leo santuri ile ya Cortex inasakwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa. Nani kamwibia nani hapo?

Lakini nakupa haki yako kwenye hili moja. Wapo huku wanaovaa jazi kama kofia: saksafoni kidogo, mkwaruzo wa kubandika, picha ya mtu mweusi kwenye jalada, na ndani hamna kitu. Hao siwaandiki. Umeona nimewaandika wangapi? Wachache.

Shangazi, Gaël Faye anahesabika humo? Sisi huku tunamjua kwa kitabu zaidi.
*Msomaji wa Nyamirambo, Kigali*

Anahesabika kwangu, na kwa sababu ya jina tu ningemtia hata kama albamu ingekuwa mbovu. Pili Pili sur un Croissant au Beurre, mwaka 2013! Pilipili juu ya kruasani ya siagi. Neno letu limekaa mwanzoni, halijatafsiriwa, na mauzo yangu ya asubuhi yamekaa mwishoni. Baba Mfaransa, mama Mnyarwanda, yeye mwenyewe mzaliwa wa Bujumbura mwaka 1982, akakimbilia Ufaransa vita vilipowaka. Midundo na mpangilio wa ala ni wa Guillaume Poncelet, mpiga piano na tarumbeta, na hapo ndipo ninapomwingiza: siyo mtu wa mashine, ni mwanajazi hasa aliyekubali kutumikia mistari ya rapa. Sikiliza namna piano inavyomngoja Faye avute pumzi. Mimi niliwahi kuijaribu hiyo pilipili kwenye kruasani. Usijaribu.

Ya haraka haraka. Wa Tanga: ndiyo, Guts huyo ndiye yule wa Alliance Ethnik, kundi la rap, wale wa albamu ya Simple et funky ya 1995. Wa Muscat aliyeuliza kama Wax Tailor ni hip hop: kwake mwenyewe ni hip hop, dukani wanamweka trip hop, na kwangu Tales of the Forgotten Melodies ya 2005 ni sinema isiyo na picha; inunue, iweke utakapopenda. Wa Lubumbashi: DJ Cam, Underground Vibes, 1995. Anza hapo, ndiye baba wa wengi wa hawa, na hasemi neno.

Shangazi, najua si kazi yako. Mume wangu anauza vipuri vya bodaboda. Kila Jumapili anarudi na santuri kuukuu, sasa zimejaa hadi chini ya kitanda. Usiku ananiwekea hayo ya jazi na hip hop mpaka saa sita. Nimwambieje?
*Mke wa Temeke*

Mwenzangu, nimecheka peke yangu mbele ya tanuri. "Ananiwekea", umesema. Soma barua yako tena.

Sitetei maradhi. Nami ninayo: kila Jumamosi nikitoka kazini napita soko la vitu kuukuu la Place Viarme kabla sijalala, miguu haitaki lakini inakwenda. Wakati mmoja nilinunua jalada la jazi nililolitafuta miaka miwili, nikalipa bila kubishana kwa kuogopa muuzaji atagutuka. Nyumbani nikafungua: ndani mna santuri ya akodioni ya kuchezea watoto. Kwa hiyo la kwanza, mwambie afungue jalada kabla ya kutoa hela. Hilo peke yake litampunguzia manunuzi.

La pili, chini ya kitanda si mahali pake. Santuri ikilazwa inapinda, na joto la Dar litaimaliza. Mwambie Shangazi kasema zisimame wima kama vitabu, mbali na ukuta wenye unyevu, na kwamba zitakazokosa nafasi rafuni ziuzwe. Rafu iwe moja, na anayechagua ukubwa wake ni wewe.

La tatu, usiku wa leo mwambie akuwekee Place 54, upande wowote, mkae wote wawili, simu zizimwe. Usipoipenda, saa nne mashine ifungwe na asikununie. Ukiipenda, niandikie. Nitakupa orodha yako mwenyewe, aitafute yeye.